Fundi wa kule komine ya Kenya, Lubumbashi, aliyetushonea koti za basoda (askari): koti safi, kofia apana

Benye kutafuta fundi wa nguo za teatre hapa Lubumbashi, someni hii. Atelie iko Kenya, nyuma ya soko, cherehani tatu ku baraza na redio moja yenye haizimwake. Jina la papa siweke kwa sababu nitamulalamikia kidogo.

Siye tuko kikundi ya vijana ya karitie. Mwaka uliopita tulicheza basoda ba Force Publique, jeshi ya Kongo ya Wabelgiji, bale baliingia Tabora mu 1916, bantu bakapenda sana. Huu mwaka mwenzetu mumoja akatuonyesha video za vikundi vya Marekani, Baweusi benye kujivalia kama 54th Massachusetts, rejimenti ya Baweusi iliyoundwa mu 1863 wakati wa vita yao ya wenyewe kwa wenyewe. Bale bantu mi nabavulia kofia. Ni wazee na vijana, bana kazi zao za kila siku, lakini wikendi banalala mu hema, banafanya gwaride, banaenda kusimama ku makaburi ya basoda benye karibu watu bote balibasahau. Na ku mambo ya nguo hawana mchezo hata kidogo, kitambaa ni sufu, kifungo ni cha shaba, basi.

Njo nikaenda kwa papa fundi na picha ku telefone, ule mnara wa Boston wa 1897 aliouchonga Saint-Gaudens, 54th inatembea na kolonel wao Robert Gould Shaw eko juu ya farasi. Papa akaikuza na vidole viwili, akapita uso mumoja mumoja, akasema, "Aba kila mutu na sura yake," kisha akarudia mabega. Hakutaka hata kusikia bei mbele hajamaliza kuangalia mabega.

Kitambaa tulipata mu mitumba, makoti marefu ya sufu, bluu ya giza, akayakata mafupi, bifungo ine mbele. Kazi ya mikono ile nilimuheshimu, pale mukono unaingia ku bega alifungua yote akaishona upya na sindano, hakuna mukunjo. Suruali ya bluu ya mbingu tulikosea siye wenyewe, tulileta tergali, kitambaa ya nyuzi za plastiki, ku jukwaa inang'aa kama ya muhudumu wa hoteli.

Bifungo sasa. Ya kweli ilikuwa na tai, na ule Frederick Douglass, Mweusi mwenye kupigania utumwa uishe, mwenye vijana wake wawili baliingia 54th, alisemaka kabisa kwamba Mweusi akishavaa kifungo chenye tai na kubeba bunduki hakuna wa kumukatalia uraia. Papa akatuletea bya shaba muzuri, byenye NANGA. Nanga ya meli, kwa basoda ba miguu! Akajitetea kwamba mutu akikaa nyuma haoni. Ni kweli haoni, na mabaharia Baweusi balikuwa pia mu ile vita, kwa maelfu, lakini ye hakujua hiyo, alikuwa anamaliza stoki.

Ku cheo ya sajenti pia tulibishana. Mu ile vita ile V ya ku mukono ilikuwa inaangalia chini, ye akaishona inaangalia juu, namwambia papa geuza, ananiambia, "Mwanangu, soda gani cheo yake inaanguka?" Nikamuonyesha picha ya sajenti William Carney, ule wa Fort Wagner, ngome yenye 54th balishambulia, tarehe 18 mwezi wa saba 1863, mwenye kubeba bendera akiwa na risasi mu mwili na haikugusa chini, medali yake bakamupa mu 1900, miaka 37 baadaye. Papa akanyamaza, akachukua wembe, akafungua.

Bei: koti dola 18, suruali 8. Nikajaribu kumupunguzisha na historia, nikamwambia soda Mweupe alikuwa analipwa dola 13 kwa mwezi, Mweusi 10, na mu ile 10 banakata 3 ya nguo, inabaki 7, na 54th bakakataa kupokea hata senti, jimbo ya Massachusetts ikasema itajazia wao bado bakakataa, mpaka bunge likakubali mushahara sawa mu 1864. Papa akasimamisha mashini. "Kumbe nguo balijilipia?" Ndiyo papa. "Njo na nyie mulipe." Hakutoa hata faranga.

Malalamiko yenyewe ni hii: alituahidi siku ya ine (alhamisi), koti zikatoka siku ya posho (jumamosi) saa saba na teatre ilikuwa saa tisa. Na kofia hajui, aseme tu hajui. Ile ubao ya mbele aliweka karatasi ya karatoni, jasho ikaingia, ku sini ya tatu basoda ba Lincoln bakawa kama bantu banyeshewa na mvua.

Mukienda: bifungo lete yenu, picha lete, tarehe mudanganye wiki mbili mbele ya siku yenyewe, na nguo zibebe mu sakoshi, musivae barabarani, munajua kwetu kombati inaulizwaka maswali. Kofia tafuta kwingine.

Koti zote tumerudisha mu sanduku ya kikundi isipokuwa moja. Wale ba Wagner balivaa sufu mu joto ya South Carolina, siye mwezi wa saba hapa asubuhi unatoa moshi mu kinywa, na Carney wetu anasema atairudisha baridi ikiisha.