Huduma ya ushauri kwa wahandisi wa nyenzo wanaotoka chuoni kwenda kiwandani

Baada ya miaka kadhaa ya kuchunguza kauri (nyenzo ngumu kama ya vigae na vikombe) katika maabara ya chuo kikuu, nilijiunga na huduma ya ushauri inayowaandaa wahandisi wa nyenzo kuhamia viwandani, na ninaisifu hasa kwa sababu mshauri wangu, ambaye mwenyewe alipitia njia hiyo, alibadilisha namna ninavyoyatazama matokeo yangu. Chuoni nilizoea kuripoti sampuli iliyo imara kuliko zote. Kiwandani, alinieleza, sampuli dhaifu ndiyo inayoamua, kwani kauri huvunjika kuanzia kwenye ufa wake ulio hatari zaidi, na vipande vichache vibovu vyaweza kurudisha shehena nzima. Tulitumia vikao vitatu kuzichambua data zangu za zamani kwa mgawanyo wa kitakwimu, unaoonyesha jinsi uimara unavyotofautiana kati ya sampuli, ambao mhandisi Msweden Waloddi Weibull aliueleza katika makala yake ya mwaka 1951, na hapo nikaona kwamba wastani niliojivunia ulificha mtawanyiko mpana mno.

Sehemu ya kuandika wasifu ni ya kawaida. Kasoro kubwa ni kwamba suala la siri za kiwanda, ambazo mara nyingi humzuia mhandisi kuchapisha kazi yake, liliguswa juu juu, ilhali kwa mtafiti hilo ni badiliko zito linalostahili kikao chake pekee.