Kapu la kupikia: lengo moja la Januari lenye faida jikoni

Malengo ya mwaka mpya ya nyumba nyingi yanafanana: kupanda miti, kuacha plastiki, kuchimba shimo la mboji, kupunguza mkaa. Yote mazuri, na yote yakianza siku moja hakuna linalofika Machi. Kwa familia ya Mtwara au Lindi inayopika kwa mkaa na inataka kuanza na kitu kimoja, tunashauri ianze na kapu la kupikia.

Ni kapu la ukindu au milala, mdomo wa sentimita 40 hadi 45, ndani limeshindiliwa kitu cha kuhifadhi joto na juu linafunikwa kwa mto mnene. Chakula kinachemshwa motoni kidogo, sufuria inahamishiwa humo ikiwa bado inatokota, na kinamalizikia kuiva bila moto. Hakuna uchawi. Maji yakishachemka, sehemu kubwa ya mkaa unaoendelea kuuongeza inafidia tu joto linalotoroka pembeni ya sufuria na kwa mvuke. Kapu linaziba njia hizo.

Tofauti ya kapu zuri na bovu iko kwenye kilichojazwa ndani, na hapo ndipo mnunuzi anapopigwa. Muuzaji atakuonyesha kitenge kilivyoshonwa vizuri. Wewe uliza kilichomo nyuma yake. Sufi inashinda. Nyuzi zake zina uwazi katikati, zinashika hewa nyingi, na hazinywi maji upesi. Kasoro yake inalala: kapu lililojaa vizuri leo litakuwa limepwaya baada ya miezi michache, kwa hiyo chagua lenye zipu au mshono wa kufumuka ili uongeze nyingine. Panya nao wanaipenda, basi lining'inizwe.

Usumba wa nazi unafuata. Haulali haraka kama sufi, ila lazima uwe umepigwa hadi ukawa laini. Kuna jambo wengi hawalitazami: makumbi yaliyofukiwa pwani, yasiposuuzwa vizuri kwa maji yasiyo na chumvi, yanabaki na chumvi, na chumvi inavuta unyevu. Kapu la namna hiyo linakuwa zito na baridi msimu wa mvua, tena linanuka. Onja nyuzi moja kwa ulimi kabla hujalipa. Muuzaji atacheka, mwache acheke.

Vipande vya godoro tunavikataa. Kitako cha sufuria kilichotoka kwenye makaa kina joto kuliko maji yaliyomo, na sponji ikikutana nacho inaweza kuharibika na kutoa harufu inayoingia kwenye chakula. Makapu mengine yana nailoni chini ya kitambaa, eti kuzuia unyevu. Inafanya kinyume, inafungia mvuke ndani. Kitambaa cha ndani kiwe cha pamba tupu, cheusi kama unaweza, maana masizi hayakwepeki.

Unene ni sentimita 8 hadi 10 pande zote baada ya kushindilia. Sukuma ngumi kwenye kitako: ukiusikia ukindu wenyewe, liache. Mafundi wengi wanajaza pembeni kunakoonekana na kubania chini.

Ukilifikisha nyumbani, lijaribu kwa maji. Chemsha lita 4 kwenye sufuria ya lita 5, funika, weka ndani, lifunge saa 2 asubuhi na usiliguse hadi saa 6 mchana. Maji yanapaswa kuwa ya moto kiasi cha kutovumilika kidole. Yakiwa vuguvugu, ongeza sufi au lirudishe.

Malalamiko ya kwamba “halipiki” mara nyingi yanatokana na sufuria. Iwe na mfuniko unaobana, isiwe na mkono mrefu, na ijae angalau robo tatu, kwa sababu chakula chenyewe ndicho kinachobeba joto. Kikombe kimoja cha kunde ndani ya sufuria kubwa kitapoa kabla hakijaiva. Familia ya watu 6 inatoshwa na sufuria ya lita 5. Pengo likibaki kati ya sufuria na kapu, lizibe kwa kanga kuukuu.

Mbaazi ndizo zinazoonyesha thamani yake. Loweka vikombe 3 usiku kucha, mwaga maji, weka mapya yapite mbaazi kwa vidole viwili tu. Punguza karibu robo ya maji uliyozoea, maana humu hayakauki. Kwa wenzetu wa Newala na Tandahimba, ambako maji ni ya kuhangaikia, hilo peke yake ni sababu ya kununua. Chemsha dakika 20 kwa moto mkali, mfuniko ukiwa juu dakika 5 za mwisho ili nao upate joto, kisha kapuni saa 3. Mbaazi zilizokaa sana ghalani zipewe dakika 10 zaidi motoni. Tui zito usilitie mwanzoni: zikishaiva, rudisha sufuria motoni, tia tui, koroga lichemke taratibu, epua. Magadi hayahitajiki.

Wali ni rahisi zaidi: vikombe 4 vya mchele kwa vikombe 6 vya maji, uchemke dakika 5, kapuni dakika 40. Hauungui chini, na wanaopenda ukoko ndio watakaonuna. Pweza wa kilo moja apewe dakika 20 za moto na saa 2 za kapu, maji yakiwa ya kutosha kuijaza sufuria. Makande yanasumbua, yanataka kuchemshwa tena katikati, na hapo faida inapungua.

Maharage mekundu lazima yatokote kwa nguvu dakika 10 kamili kabla ya kuingia, kwa sababu yana sumu ambayo joto la chini haliiondoi. Mhogo mchungu usiingie kabisa: sumu yake huondolewa kwa kulowekwa na kuanikwa, na kuufunikia kapuni hakuchukui nafasi ya kazi hiyo. Chakula kilicholala humo hadi kikawa vuguvugu kisiliwe hivyo hivyo wala kisiachwe tena. Chini ya nyuzijoto 60 za Selsiasi vijidudu vinaanza kuzaliana, basi panga muda ili kapu lifunguliwe chakula kikiwa bado cha moto. Na wenye hamu ya kuonja wakanywe mapema, kwani kila mto unapoinuliwa joto linatoka na muda wa kuiva unarefuka.

Ugali halipiki. Kukaanga halikaangi. Jiko linabaki palepale, na ukitaka kuwasha mkaa haraka tumia vifuu vya nazi, si maganda ya korosho: mafuta yake yanachubua ngozi na moshi wake ni mkali. Anayetumia mtungi wa gesi wa kilo 6 analihitaji kapu vilevile, maana dakika za moto zinazookolewa ni zilezile. Hata zile nyumba chache za Mtwara na Lindi zenye bomba la gesi asilia zinalipia kinachotumika.

Ili lengo liwe lengo, lipime. Januari pika kama kawaida na uchore mstari kwenye kalenda kila ndoo ndogo ya mkaa inapoisha. Februari tumia kapu angalau mara 4 kwa wiki kwa vyakula vya kuchemsha, ukichora vilevile, ndoo ikiwa ileile na muuzaji yuleyule. Mistari ikilingana, angalia mambo mawili: pengine jiko linaachwa likiwaka baada ya sufuria kuondoka (mkaa uliobaki ufukiwe majivu au ufunikwe uzime, utatumika jioni), au kapu limegeuzwa la kuhifadhia chakula kilichokwisha kuiva.

Usilitumie sokoni pia, ingawa tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 kila kapu linatamanisha; shombo la samaki likiingia kwenye sufi halitoki. Kila baada ya kupika liache wazi, na mara moja kwa wiki ulianike juani, mto na kapu mbalimbali. Kuanzia Januari hadi Aprili, mvua zinapofuatana, lipate walau saa moja la jua kila linapochomoza. Ukisikia harufu ya uchachu, fumua mshono, toa sufi yote uianike kwenye mkeka chini ya chandarua ili isipeperuke, fua kitambaa, kisha ujaze upya ukiongeza konzi mbili tatu upande wa kitako.