Uzoefu wangu na Proxmox VE: kuhamisha seva kongwe za ofisi, Unguja na Pemba

Nyota nne kati ya tano kwa Proxmox VE, programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta kadhaa ndani ya seva moja. Moja nimeibana kwa sababu ya umeme na akidi, yaani idadi ya kura ambazo seva zilizounganishwa zinahitaji ili ziendelee na kazi. Hayo nitayaeleza kwa urefu, maana ndiyo yanayowaumiza watu wa visiwani kuliko jambo jengine lolote.

Tathmini hii ni kwa mwenye seva ya zamani chini ya meza ya mhasibu au nyuma ya kaunta ya mapokezi ya hoteli. Ndani yake kuna Windows Server 2008 R2 au 2012 R2, hifadhidata ya SQL Server ya enzi hizo hizo, na programu ambayo aliyeiandika hapatikani tena. Masasisho ya kawaida ya usalama ya 2008 R2 yalikoma Januari 14, 2020, na ya 2012 R2 yakakoma Oktoba 10, 2023. Kununua mfumo mpya kunahitaji bajeti na mafunzo, na si kila ofisi inaweza mwaka huu. Linalowezekana mara moja ni kuutoa mfumo kwenye chuma chake kilichochoka, kuuweka ndani ya mashine pepe, halafu kuusasisha hatua kwa hatua huku kazi zikiendelea. Hapo Proxmox VE nimeiona inafaa. Ni Debian, aina ya Linux, yenye KVM, injini ya mashine pepe, ndani, unaiendesha kwa kivinjari kupitia mlango 8006, na hakuna kipengele kinachofungwa kwa asiyelipa. Wengi waliikimbilia baada ya Broadcom kuinunua VMware, mshindani wake, Novemba 2023 na kuacha kuuza leseni za kudumu. Anayetoka huko ana njia fupi: tangu toleo 8.2 unaiunganisha seva ya ESXi, yaani ile ya VMware, kama hifadhi, ukachagua mashine, ukabonyeza kuingiza.

Upande wa vifaa, ushauri wangu ni seva mbili za kawaida badala ya moja kubwa ya kifahari, na mashine ya tatu ndogo kwa ajili ya bekapu. RAM ya ECC, ile inayorekebisha makosa yake yenyewe, GB 64 kila moja inatosha ofisi nyingi. Diski ndizo zisizotaka ubahili. Nunua SSD za seva zenye kinga ya kukatika umeme, yaani zile zenye kapasita za kumalizia kuandika. Mbili za GB 960 zinazoandika kitu kimoja chini ya ZFS, mfumo wa kupanga na kulinda data kwenye diski, zinatosha kuanzia. SSD za kompyuta za mezani kwenye ZFS huonekana nzuri wiki ya kwanza, lakini hifadhidata inapoanza kudai kila muamala uandikwe kweli kweli kabla ya kuendelea, kasi huanguka na mhasibu atasema mfumo mpya ni mzito kuliko wa zamani. Atakuwa na haki. Kadi ya RAID, ile inayounganisha diski kadhaa zionekane moja, nayo iwekwe kwenye hali ya kupitisha diski moja kwa moja, kwa sababu ZFS inataka kuiona diski yenyewe.

Kunakili seva ya zamani tumia Disk2vhd ya Microsoft. Inafanya kazi Windows ikiwa hai na inatoa faili la VHDX, yaani nakala ya diski nzima. Lihifadhi kwenye diski nyengine, si ile ile unayoinakili. Kabla ya hapo endesha DBCC CHECKDB, amri ya kukagua uzima wa hifadhidata, na uchukue bekapu kamili ya SQL peke yake, kisha zima huduma ya SQL ndipo unakili. Piga hesabu ya muda mapema: GB 500 kwa mtandao wa gigabiti ni zaidi ya saa moja na robo, lakini kwa USB 2, ambayo seva nyingi za zamani ndiyo zilizonayo, ni kama saa nne na nusu. Ofisi ya serikali inaweza kuifanya Ijumaa jioni. Hoteli isubiri Aprili au Mei, wageni wakiwa wachache, ingawa masika nayo ina radi zake.

Faili likishafika, `qm disk import` inaliingiza kwenye hifadhi. Hapa ndipo wanaoanza wanakwama. Windows ya zamani haina draiva za VirtIO, yaani vifaa pepe vya kasi vya KVM, na ukiiwasha moja kwa moja kwenye diski ya aina hiyo utapata skrini ya buluu yenye 0x0000007B. Iwashe kwanza diski ikiwa SATA au IDE, uongeze pembeni diski tupu ya GB 1 kwenye kidhibiti cha VirtIO SCSI, usakinishe draiva Windows ikiiona ile tupu, uzime, uihamishe diski kuu kwenye SCSI, na ukumbuke kurekebisha mpangilio wa kuwakia. Hilo la mwisho husahaulika sana. Kwa 2008 R2 usichukue draiva za karibuni, haziitambui tena, toleo 0.1.173 ndilo la kutumia. Kadi ya mtandao ianze na e1000, kwani Windows hiyo inaijua tayari. Ukiweka anwani ya IP ile ile, Windows italalamika kuwa imeshikwa na kadi nyengine. Ni mzimu wa kadi ya zamani: onyesha vifaa visivyokuwepo kwenye Device Manager, uifute.

Leseni zina mitego yake. Programu nyengine za hesabu hufunga leseni kwenye namba ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao. Inakili ile ya zamani uiweke kwenye mashine pepe, na seva ya zamani isirudi tena mtandaoni. Nyengine zina kile kidude cha USB kinachobeba leseni. Proxmox inakipitisha bila shida, ila mashine hiyo haitaweza kuhamishwa ikiwa hai, wala kufufuka yenyewe kwenye seva ya pili, mpaka mtu akichomoe kidude na kukichomeka upande wa pili. Na Windows iliyokuja na mashine, yaani ya OEM, kisheria haihami nayo. Bajeti iwe na Windows Server Standard mpya, ambayo inaruhusu mashine pepe mbili kwenye seva moja ukishalipia kori zote.

Sasa umeme. Visiwa hivi vinaletewa umeme kwa nyaya za chini ya bahari, na waliokuwepo wanakumbuka Unguja ilivyokaa giza kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Siku hizi tatizo la kawaida ni dogo kuliko hilo, lakini kwa seva ni baya vile vile: umeme unakonyeza, unarudi, unakonyeza tena.

Watu huunganisha seva mbili kuwa klasta, yaani kundi linaloendeshwa kama kitu kimoja, wakidhani wameongeza uimara. Seva mbili zina kura mbili, na akidi ya kura mbili ni mbili. Umeme ukirudi na seva moja ikagoma kuwaka, ile nzima inawaka, inakosa akidi, inakaa. Mashine pepe haziwaki, na kwenye skrini hakuna kosa la kutisha, ni ujumbe tu kuwa inasubiri akidi. Mapokezi wanapiga simu, mtu wa IT yuko Mkokotoni. Dawa ya dharura ni amri ya `pvecm expected 1`, inayoiambia seva itosheke na kura moja, lakini itoe ukiwa na hakika kwamba ile seva ya pili imezimika kweli. Dawa halisi ni kura ya tatu, yaani QDevice, programu ndogo inayokaa kwenye ile mashine ya bekapu au hata kwenye Raspberry Pi. Ningependa kisakinishi chenyewe kikuulize jambo hili pale unapounganisha seva ya pili. Hakiulizi, na hiyo ndiyo sehemu ya nyota niliyoibana.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Ukiwasha HA, yaani mashine kufufuliwa upande wa pili seva moja inapokufa, seva inayokosa akidi hujiwasha upya yenyewe baada ya kama sekunde 60. Sasa fikiria seva zote mbili ziko kwenye UPS, yaani betri ya dharura, lakini swichi ya mtandao imechomekwa ukutani. Umeme unakonyeza, swichi inaanza upya na kuchukua dakika mbili, seva hazionani, zote mbili zinajiwasha upya huku umeme wao ukiwa mzima kabisa. Ndani yake hifadhidata inakatwa katikati ya muamala. Basi swichi iingie UPS, na zaidi ya hapo pitisha kebo moja ya mtandao kutoka seva hadi seva bila kupita kwenye swichi, uisajili kama njia ya pili ya Corosync, programu inayoziwezesha seva za klasta kuonana. Kebo ya mita mbili inamaliza ugonjwa huu.

Na UPS yenyewe isiishie kuchomekwa. Sakinisha NUT, programu ya kuisimamia UPS, seva moja iongee na UPS kwa USB, nyengine zisikilize kupitia mtandao. Usisubiri ishara ya betri kuisha, maana betri iliyochakaa huanguka ghafla bila kuaga. Weka kipima muda, mfano dakika tano kwenye betri bila jenereta kuwaka, zima kila kitu kwa utaratibu. Halafu kuna hili ambalo nimeona linasumbua hata mafundi wazuri: umeme ukirudi wakati seva zimeshazimika lakini UPS bado haijaisha, seva hazitawaka. BIOS imeambiwa iwashe baada ya umeme kukatika, lakini kwa upande wake umeme haukukatika kamwe. Ndiyo maana NUT ina hatua ya mwisho ya kuiamuru UPS ijikate na kurudi yenyewe. Ijaribu kwa kuchomoa plagi mchana kweupe, usiisome tu kwenye maelekezo. Mpangilio wa kuwaka nao uuweke: Active Directory, yaani seva ya majina na nywila za watumiaji, kwanza, hifadhidata baada ya sekunde 120, programu mwisho.

Betri za UPS hupoteza kama nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 zaidi ya 25. Chumba cha seva Mji Mkongwe kisicho na kiyoyozi, hasa wakati wa kaskazi, kinazila. Chumvi nayo hutafuna miguu ya RAM, kwa hiyo dirisha la upande wa bahari lifungwe moja kwa moja.

Kunakili kati ya seva mbili, kwa ZFS, ni kila dakika 15 usipobadilisha. Maana yake seva ikifa ghafla, ile ya pili inaweza kuamka na hesabu za robo saa iliyopita, na risiti ambazo mteja tayari anazo mkononi hazimo. Kwa mashine ya hifadhidata ishushe hadi dakika moja au mbili, zilizobaki ziache. Klasta moja kati ya Unguja na Pemba usiijaribu. Corosync inataka ucheleweshaji wa chini ya milisekunde 5 kila wakati, na njia ya kukodi haikuhakikishii hilo.

Pemba iwe ya bekapu, na hapo Proxmox Backup Server, programu dada ya bekapu, inang'ara. Kila usiku inatuma vipande vilivyobadilika tu. Tatizo ni nakala ya kwanza: kwa njia ya megabiti 20 kwa sekunde, GB 500 zinahitaji zaidi ya saa 55 bila kukatika. Ni haraka zaidi kuijaza diski ya nje Unguja, kuipandisha boti ya Mkoani, na kuisomesha huko. Tangu toleo 3.3 hifadhi ya kuchomoa inatambuliwa rasmi. Diski inayosafiri iwe na usimbaji (encryption), na ufunguo wake uuchapishe kwenye karatasi kwa amri ya `paperkey`, ikae kabatini kwa mkurugenzi. Ufunguo uliobaki kwenye seva iliyoungua ni sawa na kutokuwa na bekapu.

Bekapu nazihifadhi hivi: za siku 14, za wiki 8 na za miezi 12. Saa ya kuchukua bekapu isigongane na hesabu za usiku za hoteli. Kila mwezi rejesha mashine moja kwa jina jengine, kadi yake ya mtandao ikiwa imekatwa ili isigombane na iliyo hai, uifungue programu na uangalie risiti ya mwisho. Alama ya kijani peke yake haithibitishi kitu.

Diski ya ZFS ikifa, amri ya kuibadilisha, `zpool replace`, haitoshi kama ni diski ya kuwakia. Nakili kwanza mgawanyo, kisha `proxmox-boot-tool format` na `init` kwenye kipande cha EFI, sehemu ya diski ambayo mashine huwakia. Asiyefanya hivyo hagundui chochote mpaka diski ya pili nayo ife, ndipo seva ikose pa kuwakia.

Kuhusu malipo: usajili unahesabiwa kwa soketi ya prosesa kwa mwaka, na daraja la chini linakupa hazina ya masasisho yaliyopimwa zaidi lakini si msaada wa mafundi wao. Msaada unaanza daraja la pili, nao ni kwa siku na saa za kazi za Austria, ambako wako nyuma yetu saa moja au mbili kutegemea msimu. Kwa hiyo sasisho kubwa, kama kuvuka kutoka 8 kwenda 9, lifanywe Jumatatu au Jumanne asubuhi baada ya kuendesha kikaguzi cha `pve8to9` na kusoma kila onyo lake, seva moja kwanza, ya pili siku ya pili yake.