The Morning Show: msimu wa kwanza moto, wa pili mmh

Jamani hii tamthilia ya Apple TV+ ya 2019 nimeimaliza kichwa bado kinachemka. Jennifer Aniston ni Alex, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi New York, anaamshwa usiku anaambiwa mwenzake Mitch (Steve Carell) kafukuzwa kwa kusumbua wanawake kingono kazini.

Kilichonibamba ni kwamba Mitch hawajamchora kama shetani, ni yule staa mcheshi kila mtu ofisini anampenda, mpaka ufike sehemu ya 8 wanaporudi nyuma hadi Las Vegas na Hannah, mfanyakazi wa kipindi (Gugu Mbatha-Raw, huyu dada kaua kabisa!) ndo unaona mambo yalivyokuwa, binti wa watu anaenda kulalamika kwa mkubwa anatoka na cheo kipya badala ya haki, yani wamemziba mdomo kwa promosheni na wanaojua wanakausha tu. Nilisimamisha kwanza nikanywe maji.

Billy Crudup kama Cory, bosi wa habari wa kituo, anaongea kama mtu asiyelala, tuzo ya Emmy ya 2020 alistahili. Bradley, mtangazaji mpya anayechezwa na Reese Witherspoon, mwanzoni anapayuka mno, anachosha.

Sasa msimu wa pili wameingiza korona, mapenzi, Mitch kapelekwa Italia eti tumuonee huruma, hapo wakanipoteza. Na bando inaliwa kweli kweli. We angalia zile 10 za kwanza, pale mwisho wanapolipuka laivu hewani utapiga kelele, zilizobaki utaamua mwenyewe. Ila watoto wakalale kwanza.