Apu ya komiki za zamani: X-Men za mafumbo zimeshinda za kutamka wazi

Niko Kampala na natumia apu moja ya komiki ya kulipia kwa mwezi, naandika kwa anayefikiria kuweka hela yake. Shusha kwanza kwa waifai ndo usome, ukitegemea bando utalia. Kulipa nako ni kazi, kadi ya kwenye simu ilikataa mpaka binamu akanisaidia.

Mimi nilifuata mashujaa wa zamani nione hii habari ya LGBTQ, yaani mashoga, wasagaji na wenzao, ilianzaje kwenye komiki maana watu wanasema imeingizwa juzijuzi. Wapi! Kwenye X-Men, komiki za kundi la mashujaa wenye vipawa, wanawake wawili, Mystique na Destiny, wako pamoja tangu 1981, wanamlea msichana Rogue kama mtoto wao, na mwandishi Chris Claremont hatamki hawa ni nini kwa sababu kanuni za komiki za Marekani za 1954 zilikataza habari za mashoga mpaka zilipolegezwa 1989. Lakini unaelewa. Destiny anapokufa, Mystique ni mjane kabisa, uambiwe nini tena.

Sasa njoo kwa Northstar, shujaa wa kiume kwenye komiki ya Alpha Flight. 1987 anaumwa, anakohoa, anaisha, na ukisoma ukiwa umekulia Uganda unasema hii si ni silimu, UKIMWI wenyewe jamani, halafu eti shida ni kwamba yeye ni nusu kiumbe wa hadithi na anatakiwa kwao! Nilikasirika kweli. Huku kwetu 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alisimama mbele ya watu akasema ana UKIMWI, wakati misibani bado wanasema marehemu karogwa. Mwanamuziki akamshinda ujasiri shujaa anayepaa.

1992, Alpha Flight toleo namba 106, Northstar ndo anatamka kwamba ni shoga. Ila anatamka katikati ya ngumi, anapigana na mzee aliyefiwa na mtoto kwa UKIMWI, na wote wawili wanahutubia huku wanarushana ukutani, maneno kama bango la kliniki. Kumuoa mpenzi wake Kyle ni mpaka 2012.

Kwa hiyo kwangu ufundi uko kwenye mafumbo, ingawa fumbo lina ubaya wake, asiyetaka kuona haoni. Rafiki yangu kasoma kurasa hizohizo akaniambia Destiny ni shangazi yake Mystique, nikamwacha hivyohivyo, na kwa sheria yetu ya 2023 inayoadhibu hata kile inachoita kutangaza ushoga sikutaka kumfafanulia ndani ya taksi iliyojaa.

Ukijiunga anza na hizo za Claremont, 106 isome tu kama unapenda historia. Halafu nenda komiki ya Young Avengers ya 2005, Wiccan na Hulkling ni vijana wawili wa kiume wanapendana, wanagombana, wanaokoa mji, hakuna anayesimamisha vita atoe hotuba, hapo ndo nikaona kumbe hata wazi inawezekana ikawa tamu.