Meza nne kwenye skrini moja: Linux Mint Xfce kwenye steshenari yangu Moshi

Steshenari yangu iko Moshi, si mbali na Chuo Kikuu cha Ushirika. Nina kompyuta moja ya kazi, printa mbili na mashine ya fotokopi. Ikifika saa tano asubuhi kaunta haikosi watu watatu au wanne. Mwanafunzi anataka ripoti yake ya utafiti iwekwe namba za kurasa kisha ibaindiwe. Mama kutoka Pasua anataka tangazo la chumba cha kupangisha. Mzee wa Kibosho ameshika muhtasari wa kikao cha ukoo ulioandikwa kwa kalamu, anataka uchapwe aupeleke mahakama ya mwanzo kwa ajili ya mirathi. Wote wana haraka, na kazi zao zote ziko kwenye skrini moja.

Kwa hiyo programu ya kompyuta naipima kwa jambo moja tu: inanisaidiaje kutoka kwenye kazi ya huyu kwenda kwenye kazi ya yule bila kuzichanganya, na bila mmoja kusoma mambo ya mwenzake.

Kompyuta yangu ni ya mtumba, RAM GB 4, na haikukidhi masharti ya Windows 11. Windows 10 ilipofika mwisho wa matunzo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, mpwa wangu alinishauri tuweke Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, toleo lake la Xfce, kwa sababu ni jepesi na halilipiwi. Nilikubali kwa shingo upande. Leo ninaandika kwa moyo mmoja, na kilichonibadilisha ni kile wanachokiita maeneo ya kazi. Mimi naziita meza.

Iko hivi. Badala ya madirisha yote kurundikana sehemu moja, unakuwa na meza kadhaa nyuma ya skrini ile ile, na kila meza ina madirisha yake. Ukibonyeza Ctrl na Alt pamoja na mshale wa kulia, meza uliyokuwa nayo inaondoka yote na inayofuata inakuja. Mshale wa kushoto unakurudisha. Nimeweka meza nne na kila moja nimeipa jina: Kaunta, Chuo, Fomu na Ofisi. Kwenye paneli, ule ukanda ulio chini ya skrini, nimeongeza kile kibadilishaji cha meza chenye visanduku vinne vidogo. Madirisha yanaonekana humo kama vivuli, na unaweza kulikamata dirisha kwa mausi ndani ya kisanduku kimoja ukalivutia kwenye kingine. Hilo nalipenda kuliko yote. Mteja akisema, "Dada, ngoja nikatoe hela, narudi," navuta dirisha lake hadi meza nyingine na kumhudumia anayefuata.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1986 Austin Henderson na Stuart Card wa kituo cha utafiti cha Xerox PARC kule Marekani walieleza mfumo walioupa jina Rooms, yaani vyumba. Hoja yao ilikuwa kwamba skrini ni ndogo, madirisha yanagombania nafasi, na mtu hutumia madirisha kwa mafungu kulingana na kazi anayoifanya. Mtu aliyewahi kusimama kwenye kaunta ya steshenari siku za kufungua chuo anaielewa hoja hiyo bila kufundishwa. Windows nayo ina meza za namna hii tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015: Windows na Ctrl pamoja na D unafungua mpya, Windows na Tab unaziona zote. Miaka yote hiyo zilikuwepo na hakuna aliyenionyesha.

Nieleze kwa nini jambo hili nalichukulia kwa uzito. Kabla ya meza hizi nilikuwa nikilipunguza dirisha ili nimhudumie mwingine. Dirisha linapotea lakini jina la faili linabaki chini kwenye paneli. Siku moja lilibaki jina "Kikao cha ukoo - mgawanyo wa kihamba", yaani shamba la ukoo la Wachaga. Kijana aliyekuwa nyuma ya mzee akalisoma kwa sauti, akauliza, "Kihamba cha nani hicho?" Mzee alikunja karatasi yake, akaniambia, "Mama, basi, nitakuja siku nyingine." Hakurudi. Aliniletea siri ya nyumba yake, na mimi niliiacha wazi mbele ya watu. Mtu wa huku anajua uzito wa neno kihamba.

Kwa Xfce, jinsi ilivyopangwa tangu mwanzo, paneli inaonyesha madirisha ya meza uliyopo tu. Ukihamia Kaunta, ya mzee hayaonekani hata jina. Alt na Tab nayo inazunguka ndani ya meza ile ile, kwa hiyo kidole kikiteleza hakikupeleki kwenye barua ya mtu mwingine. Ukitaka izunguke meza zote, kuna mahali pa kubadilisha. Mimi sitaki.

Sasa yale ambayo anayeanza lazima ayajue.

La kwanza ni gurudumu la mausi. Kuna mpangilio unaokuhamisha meza ukizungusha gurudumu mausi ikiwa juu ya sehemu tupu ya skrini. Kwangu ulikuwa umewashwa. Mwanafunzi mmoja nilimpa mausi akague ripoti yake mwenyewe, akazungusha nje ya dirisha, ripoti nzima ikatoweka. Binti wa watu alianza kulia, kurasa themanini. Nilimwonyesha kwamba iko meza ya pili, haijaguswa hata herufi. Jioni ile ile nilikwenda kwenye mipangilio ya madirisha nikauzima.

La pili ni zito zaidi: meza inaficha madirisha, haitenganishi brauza. Msimu wa maombi ya mikopo mwanafunzi aliondoka bila kutoka kwenye akaunti yake. Aliyemfuata nikamfungulia ukurasa ule ule kwenye meza nyingine, nikiamini naanza upya. Yakatokea majina ya yule wa kwanza, pamoja na taarifa za wazazi wake. Nilifunga haraka, lakini kosa lilikuwa langu. Brauza ni moja na kumbukumbu yake ni moja, hata uwe na meza kumi. Nikajaribu madirisha ya faragha ya Firefox, kumbe nayo yakiwa wazi kwa pamoja yanatumia kikao kimoja, yaani akaunti iliyofunguliwa kwenye moja iko wazi kwenye yote. Dawa niliyoipata ni profaili. Unaandika about:profiles pale juu, unatengeneza profaili mpya, unaifungua kwenye meza yake. Kila profaili ina akaunti zake, haijui ya jirani. Nina mbili za wateja, na kila mteja akimaliza nahakikisha ametoka kwenye akaunti akiwa bado amesimama mbele yangu.

La tatu, meza nne si kompyuta nne. Dirisha usiloliona bado linakula RAM. Kwa GB 4 nimejiwekea mpaka wa vichupo sita kwenye brauza nzima, na ripoti yenye picha nyingi naifungua peke yake. Nikivuka hapo, hata kuhama meza kunakuwa kwa kusuasua.

Umeme nao. Ukikatika na kurudi, LibreOffice inakuuliza kama irudishe hati zilizokuwa wazi, nami nakubali, lakini zote zinarudi meza moja, mzee na mwanafunzi juu ya mwenzake. Inabidi nianze kuzigawa upya kupitia vile visanduku, na kabla sijaanza naigeuza skrini upande wangu. Tangu ninunue UPS ndogo, ile betri ya akiba, hilo limepungua sana.

Mwenye steshenari anayetaka kujaribu hana haja ya kufuta chochote. Weka Mint kwenye flashi ya GB 8, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, itafunguka bila kugusa diski. Ongeza kile kibadilishaji kwenye paneli, zima gurudumu, zipe meza majina. Ya kwanza iache tupu. Hiyo ndiyo naihamia mteja anapoegemea kaunta na kuchungulia.