Haibridi ya kuchomeka: naendesha gari moja, nalipia mawili

Nimetoka gereji ya wakala juzijuzi na hasira bado hazijanishuka, kwa hiyo anayetaka hesabu iliyotulia asome kwingine.

Gari langu ni haibridi ya kuchomeka, yaani lina injini ya petroli na pia mota ya umeme yenye betri ya kuchaji. Nalichaji nyumbani usiku, kesho yake naenda kazini na kurudi kwa umeme mtupu, injini haikohoi. Petroli naweka kwa nadra, hadi nasahau tundu la mafuta liko upande gani. Basi taa ya sevisi ikawaka. Nikalipeleka, nikakabidhiwa risiti: oili ya injini, filta ya oili, filta ya hewa, plagi za injini, na juu yake ufundi. Nikamuuliza kijana wa mapokezi, kwa upole kabisa, hiyo oili imechafuliwa na nini ikiwa injini imelala tu? Macho yake hayakubanduka kwenye kompyuta. "Dada, ukitaka kulipia gari moja ungenunua gari moja."

Waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Nililipa huku mkono unatetemeka.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba yule asiye na adabu alisema kweli. Fundi mmoja, huyu muungwana, alinieleza baadaye: oili hubadilishwa kwa kilomita au kwa muda, kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa. Tena injini inayowaka dakika mbili tatu na kuzimwa haipati moto wa kutosha, kwa hiyo unyevu na petroli ambayo haijaungua vinabaki humo humo kwenye oili. Yaani kutoitumia nako kunaichafua! Petroli yenyewe huchakaa ikikaa sana tangini, ndiyo maana baadhi ya haibridi huwasha injini zenyewe hata betri ikiwa imejaa, ili tu mafuta ya zamani yaungue. Unachoma pesa ili pesa isiharibike.

Shemeji yangu ana gari la umeme tupu. Hana oili ya injini, hana plagi, hana ekzosi. Sevisi yake ni filta ya hewa ya ndani, maji ya breki na ukaguzi. Hata pedi za breki hazimwishii upesi, kwa sababu mota ndiyo inayopunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Nikampigia nikiwa bado nje ya gereji: nauza hili, nanunua kama lako.

"Shemeji, bei ya tairi zangu umeiona?"

Sikuwa nimeiona. Gari lake ni zito kwa ajili ya betri na linachomoka kwa nguvu, tairi ndizo zinazolipia. Bima yake inapita yangu. Akiwa safarini hutegemea chaja za haraka za barabarani, ambako umeme ni ghali kuliko wa nyumbani, na betri ikipita asilimia 80 kasi ya kuchaji inashuka, anakaa hapo akipiga miayo. Asiye na pa kuchomeka nyumbani ajifikirie mara mbili.

Ila huyo huyo akikimbilia haibridi kama yangu atakuwa ameruka majivu akakanyaga moto. Bila kuchomeka, betri ni mzigo tu unaobebwa na petroli. Tume ya Ulaya ilitoa ripoti mwaka 2024: haibridi hizi zikiwa barabarani zilitoa kaboni dioksidi wastani wa mara 3.5 ya kilichopimwa maabara. Hiyo yote ni petroli iliyonunuliwa na mtu.

Nilikusudia kuliwekea gari hili nyota moja. Lakini gari lenyewe halijanikosea, linatembea kimya na safari ndefu halinitii wasiwasi. Nyota tatu basi. Gereji haipati hata nusu. Tangazo la kuuza nimeshaliweka, na bei wanazonitajia wanunuzi ni matusi matupu, kila mmoja ananiuliza betri imebaki na afya kiasi gani. Wakiendelea hivi nitabaki nalo, ila sevisi ijayo nampelekea yule fundi muungwana, waranti ikiruhusu.